Mtandao Usio na Nenosiri

9 Januari

Tumepiga kambi. Baridi ya kukata masikio, anga safi. Mtandao: hakuna.

Nilikuwa askari wa mawasiliano miaka sita, na jeshini walitufundisha kuandika kila siku: tarehe, hali ya hewa, nguvu ya mawimbi, na lolote lililotokea. Jeshi nimeliacha, tabia imebaki. Daftari hili ni la msimu wa chima peke yake. Uyoga huu wa chini ya ardhi huzaliwa na radi, na Novemba radi zilipiga mpaka mbwa wakajificha mahemani, kwa hiyo mwaka huu chima zitajaa. Chima zikijaa, watu hujaa bondeni. Watu wakijaa, huuana. Mwaka jana walimuua mdogo wangu.

Ubayd alipigwa risasi ya paja tarehe 2 Machi na Jazi mtoto wa Mutlak, wakigombania kipande cha ardhi kisichozidi zulia moja. Hakufa papo hapo. Alikufa baada ya saa nne. Saa nne hizo nilikimbia kilima hadi kilima nimeinua simu juu kama mwendawazimu, natafuta mstari mmoja tu wa mtandao nimwite daktari kutoka mji wa Rutba. Kila niliporudi alikuwa mweupe zaidi. Mara ya mwisho aliniuliza, "Umepata, kaka?" Nikamwambia nimepata. Nilimdanganya.

Masheikh wa pande mbili walitupa muhula: hakuna damu mpaka tarehe 31 Machi, na Jazi asikanyage bonde hili. Jamaa zake wameruhusiwa kuchimba ng'ambo. Nikitoka hemani asubuhi nayaona mahema yao, na moshi wao, na punda wao. Mama hajanywa kahawa tangu Ubayd azikwe, na anasema hatainywa mpaka damu ijibiwe. Ananitazama mimi anaposema hivyo.

11 Januari

Upepo wa kaskazini. Nimefunga antena kwenye pikapu.

Nimeinunua mjini Ramadi, fimbo nyeusi ya urefu wa mkono, na ruta ndogo inayokula umeme kwenye tundu la kuwashia sigara. Nimeifunga nyuma, kwenye chuma cha kubebea mizigo. Binamu yangu Farhan alikaa juu ya tairi la akiba akila tende, akinitazama.

"Unavua samaki, binamu?"

"Navua mnara."

"Mnara uko barabara kuu, kilomita thelathini. Weka chambo kikubwa."

Nikawasha ruta. Mstari mmoja, ukafa. Farhan alicheka mpaka kokwa ya tende ikampalia. Nilimpiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

12 Januari

Mvua. Hakuna kitu.

15 Januari

Tope. Hakuna kitu. Mama kaniuliza kama bunduki nimeitia mafuta. Nimemwambia nimeitia.

19 Januari

Jua. Mistari mitatu!

Kosa lilikuwa langu, tena la aibu kwa mtu aliyelishwa na serikali miaka sita kwa kazi hiyo. Vyuma vya mizigo vilikuwa vinaziba mawimbi upande wa mnara, na waya ulikuwa mrefu mno, nimeuzungusha mizunguko minane nyuma ya kiti, unakula nguvu yote kabla haijafika kwenye ruta. Leo nimeihamisha antena katikati ya paa, maana fimbo hii hutaka bati pana chini yake pande zote. Nimeukata waya ukabaki mita tatu, nikaupitisha kwenye mpira wa mlango na kuuacha ulegee chini kidogo ili maji ya mvua yadondoke nje yasiingie ndani. Kichwa cha waya nimekifunga kwa utepe wa mpira, tabaka tatu.

Mama alimpigia dadake aliyeko Rutba, wakalia pamoja. Hamda, mke wangu, aliongea na Nouf, binti yetu, tuliyemwacha kwa bibi yake kwa ajili ya shule. Kabla ya alasiri watu wa kambi nzima walikuwa wamelizunguka gari.

Farhan akasema, "Weka nenosiri, binamu. Watakumaliza hawa."

Mama akamgeukia. "Tangu lini nyumba ya mume wangu Sattam ikafunga kisima? Mtu akija na kiu umuulize neno la siri?"

"Mtandao si maji, shangazi."

"Kama si maji, mbona Ubayd alikufa kwa kuukosa?"

Sikuweka nenosiri.

27 Januari

Mawingu. Mistari mitatu.

Saa tatu asubuhi kishindo upande wa juu. Mchungaji mmoja alikuwa anachokoa chima kwa kijiti, akachokoa kibomu cha vita vya zamani, kile kidogo kama kopo la maziwa. Nilimkuta amekaa chini anatazama mahali mkono ulipokuwa. Kondoo wawili walikuwa vipande vipande, na mmoja hai alikuwa anainusa damu. Nilimfunga mchungaji jeraha kwa mkanda wangu wa suruali, nikamtupa ndani ya gari, nikapiga simu. Daktari alipokea mlio wa pili. Akaniambia: funga juu zaidi, kaza mpaka apige kelele, andika saa kwenye paji la uso wake. Niliandika kwa mkaa. Ambulensi ilitukuta njiani baada ya dakika hamsini.

Yuko hai. Jioni nilikwenda nyuma ya gari nikalia kwa kwikwi. Dakika hamsini tu! Ubayd alikuwa na saa nne.

3 Februari

Ngumi. Watu wa kambi ya magharibi waliingia kwenye ardhi yetu alfajiri. Farhan alimvunja mmoja taya kwa mti wa hema. Mimi nimeng'olewa jino la pembeni. Chima kilo kumi na tisa, nusu zimekanyagwa.

4 Februari

Pengo la jino linauma. Mistari mitatu.

8 Februari

Nimetengeneza antena ya pili, ile ya miiba kama mgongo wa samaki, ya kuelekezwa mnarani gari likiwa limesimama. Fimbo ya paani ni ya mwendo, hii ni ya kambini. Nimeifunga kwenye mlingoti wa mita nne ubavuni mwa gari, nikaizungusha kidole kwa kidole huku Hamda ndani akinisomea namba.

"Imepanda. Imepanda. Imeshuka, rudi! Hapohapo. Mistari minne."

Akashuka garini akipangusa mikono. "Baba Nouf, sasa unafika mpaka wapi?"

"Kwa mnara?"

"La, huu wa gari. Mtu akikaa mbali anaupata mpaka wapi?"

"Hatua mia, labda na zaidi kidogo kama hakuna mawe."

"Mpaka kingo ya bonde, basi."

"Mpaka kingo ya bonde. Kwani?"

"Nauliza tu. Kuuliza si kosa."

14 Februari

Vumbi kidogo. Mistari minne.



Jioni, kabla ya magharibi, mtandao ulikuwa mzito. Nikafungua ukurasa wa ruta nione simu zipi zimeunganishwa, nimtoe mmoja anayetazama filamu. Simu kumi na moja. Ya Mama, ya Hamda, ya Farhan, za majirani nazijua. Ya kumi na moja imeandikwa kwa jina aliloipa mwenye simu: Jazi.

Nilisoma mara tatu. Nikatoka, nikatazama huku na huku. Hakuna mtu mgeni kambini. Lakini kingo ya bonde ina mawe na vichaka vya arfaji, na chini yake mtu akilala haonekani. Nilipoingia tena jina lilikuwa limetoka.

Amevunja muhula. Amerudi bondeni, na si kurudi tu: anakunywa kwenye kisima nilichomchimbia Ubayd. Muuaji wa ndugu yangu anakaa hatua mia kutoka kitandani kwangu anatumia mtandao wangu bure.

15 Februari

Jazi. Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Dakika thelathini na mbili.

16 Februari

Jazi. Nusu saa.

17 Februari

Hakuja. Mvua.

18 Februari

Jazi. Dakika arobaini. Nimemwambia Farhan peke yake.

Alitaka kwenda hapohapo na bunduki. Nilimshika shingo, nikamkandamiza kwenye mlango wa gari mpaka akatulia. Muhula ni muhula. Nikiua kabla ya tarehe thelathini na moja, aibu ni yetu, na masheikh waliotudhamini watatulaani.

"Basi nenda kamshitaki kwa sheikh," akasema, huku akijisugua shingo. "Sema amevunja masharti."

"Sheikh atamfukuza. Akifukuzwa nitampata wapi?"

Farhan akatabasamu. "Kumbe na wewe ni mtoto wa Sattam."

Ningepaswa kuona aibu. Niliona fahari.

22 Februari

Jua kali. Mistari minne. Chima kilo thelathini na mbili, kubwa kama ngumi.

Leo kwenye kahawa nilimuuliza Sheikh Rakan wa upande wetu kama fumbo, bila kutaja mtu. Nikasema: mtu akila chumvi ya nyumba yako bila wewe kujua, ana ulinzi wako?

"Amekula wapi?"

"Tuseme si chumvi. Tuseme mtandao."

Wazee waliangua kicheko. Mmoja akasema mtandao ni upepo tu, upepo hauna mwenyewe. Mwingine akasema la, kama umeulipia na umeulisha kwa betri yako basi ni mkate, na mwenye kula mkate wako humgusi siku tatu na theluthi. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Sheikh Rakan hakucheka. Alinishika goti.

"Ghadhban mwanangu, mtu anayetafuta fatwa ya kuua ataipata hata kwa punda. Uliza kwanza nani anakula kwenye sufuria yako. Kisha uulize habari ya chumvi."

Nikamwambia ni fumbo tu, ami yangu.

"Fumbo mfumbie mjinga," akasema.

2 Machi

Mwaka mmoja. Mama alikaa siku nzima kwenye mchanga pale alipofia Ubayd, na ushungi wake ameutandika chini. Jioni aliniita.

"Alikuita mara ngapi?"

"Nani, Mama?"

"Ubayd. Siku ile, ulipokuwa unakimbia vilimani. Alikuita mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Mimi nilihesabu. Mara kumi na saba. Mimi nilikuwepo, nilimshika, na hakuniita mimi hata mara moja. Alikuita wewe."

Jina la Jazi lilitokea saa kumi na moja na nusu. Siku hiyohiyo! Nilikaa garini nikilitazama mpaka likatoka.

10 Machi

Upepo. Hakuna kitu mpaka adhuhuri, halafu mistari minne. Sababu ndiyo hii.

Mbuzi wetu walivuka. Watu wa Mutlak waliwakamata wawili. Farhan akavuka kuwafuata, akarushiwa mawe, akarusha risasi hewani, wakajibu hewani, halafu risasi hazikuwa hewani tena. Moja ilipita kwenye kioo cha pembeni cha pikapu, nyingine ikakata waya wa antena sawasawa na panga. Hakuna aliyekufa. Mjomba wa Jazi amepoteza sikio.

Mutlak mwenyewe alikuja katikati ya bonde, mikono juu, kilemba shingoni. Mzee mwenye ndevu za kijivu, anachechemea. Nikaenda kukutana naye. Nilikuwa nimebeba bunduki, yeye hakubeba kitu.

"Ghadhban, siku zimebaki ishirini na moja. Tuzimalize kama binadamu."

"Mwanao yuko wapi?"

"Basra. Anabeba magunia bandarini. Hajakanyaga huku tangu siku ile, wallahi."

"Wallahi?"

"Wallahi wa kichwa changu."

Nilimcheka usoni, nikatema mate kando ya kiatu chake. Mzee mzima, mwongo. Alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo ikaniwasha kuliko tusi. Nilirudi, nikaunga waya kwa risasi ya kulehemu niliyoiyeyusha juu ya jiko la chai. Saa kumi na moja na dakika ishirini na tano: Jazi. Hata leo, baada ya damu ya asubuhi! Nikajiambia mtu huyu hana haya.

16 Machi

Jazi.

17 Machi

Jazi.

20 Machi

Joto limeanza. Chima zinapungua, zinapasuka. Kambi mbili zimehama.

Leo niliwaza kitu ambacho sitamwambia Farhan. Naweza kuweka nenosiri. Herufi nane tu. Akija atakuta mlango umefungwa, hatakuja tena, na mimi sitalazimika. Nilifungua ukurasa wa ruta. Kidole kilikuwa juu ya sehemu ya kuandika. Hamda akaingiza kichwa dirishani na birika mkononi.

"Unafanya nini?"

"Nafikiria kuufunga."

Alishtuka, na sikuelewa kwa nini ashtuke. "Usiufunge, Baba Nouf. Kuna watu wanautegemea."

"Watu gani?"

"Watu," akasema. "Wanawake wana wapendwa wao mbali. Usiwafungie."

Nikaacha. Nimejiambia nimeacha kwa sababu ya mke wangu. Sijui.

25 Machi

Jazi. Nimepima kwa hatua: kutoka gari hadi jiwe kubwa lenye ufa, themanini na nane. Namba za ruta zinaonyesha simu yake ina nguvu ninayoipata mimi nikisimama pale na simu yangu. Yuko nyuma ya jiwe lenye ufa.

29 Machi

Vumbi. Chima kilo nne.

31 Machi

Muhula unaisha leo jua likizama. Hakuja. Nimeitia bunduki mafuta.

2 Aprili. Kituo cha polisi, Rutba

Wameniachia daftari. Naandika ya jana.

Tangu adhuhuri upepo wa magharibi ulileta vumbi jekundu, lile linalofanya mchana uonekane kama uko ndani ya chungu. Saa kumi huwezi kuona hema la jirani. Farhan alisema hatakuja kwenye hali hii. Saa kumi na moja na dakika kumi na nane jina likatokea: Jazi.

Nilichukua bunduki, nikaenda kwa kuhesabu hatua, maana macho hayakuwa na kazi. Hatua sitini nililala kifudifudi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka nyuma yangu, sikusikia kitu. Mbele, chini ya jiwe lenye ufa, niliona mwanga wa simu, mdogo, wa rangi ya maziwa, na kivuli kimejifunika joho la mchungaji kichwani kukinga vumbi. Nilimkumbuka Ubayd akiuliza kama nimepata. Sikuita jina. Sheria yetu inasema uite jina, adui ageuke akuone. Niliogopa akigeuka atakimbia vumbini nimkose. Nilipiga risasi moja, chini kidogo ya mwanga.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke.

Nilikimbia. Alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, amelala ubavu, mkono kwenye mbavu za chini, na damu inapita kati ya vidole. Simu ilikuwa mchangani, bado inasema. "Shaha? Shaha, nini hicho? Ni radi? Shaha!" Sauti ya mwanamume. Naijua sauti hiyo, niliisikia mwaka jana ikitukana kabla ya mlio wa risasi.

Kwa hiyo Mutlak alisema kweli. Jazi alikwenda Basra akanunua simu nyingine, na hii akamwachia dada yake, Shaha, ambaye nilimjua kwa jina tu. Jina hawakulibadilisha. Msichana alikuwa anakuja kila jioni kwenye mtandao wangu kuongea na kaka yake.

Nilimbeba. Mwepesi, kiatu kimoja kimemtoka. Farhan alinikuta njiani anakimbia, meno yote nje.

"Umempata? Umempata, binamu?" Kisha akaona. Akasimama. "Mtume! Ni nani huyu?"

"Dada yake."

Akatazama nyuma, vumbini. Akashusha sauti. "Hakuna aliyeona. Mrudishe ulipomtoa. Tung'oe hema sasa hivi, kabla vumbi halijatulia."

Nilimweka Shaha chini taratibu, nikaichukua bunduki kwa mtutu, nikampiga Farhan mdomoni kwa kitako. Alianguka chali. Nikambeba Shaha tena.

Hamda alipomwona alipiga ukelele mmoja tu, halafu akajishika kinywa.

"Nilimruhusu mimi," akasema. "Tulikutana kwenye tangi la maji. Aliniomba kwa ajili ya mama yake, mama yake hataki kula mpaka apate habari za mtoto. Nikamwambia akae kingoni, mtandao unafika. Sikukwambia. Nilijua ungekuja juu. Baba Nouf, nilimwambia hapa ni salama!"

Kama angeniambia, nisingepiga risasi. Kama ningemuuliza, angeniambia. Tumelala hema moja msimu mzima kila mtu na siri yake, na siri zote mbili zilikuwa mtu yuleyule. Hamda alivua viatu vyake akamvisha Shaha, akashika njia kwenda ng'ambo peke yake, bila taa, kumwambia Mutlak. Nilimwita arudi. Hakugeuka.

Niliung'oa mlingoti, nikaunganisha fimbo ya paani, nikampigia daktari. Yuleyule. Ambulensi inatoka, akasema, lakini vumbi limefunga barabara, njooni mkutane nayo. Shinikiza jeraha, usiache kushinikiza. Mama alikuwa ameshapanda kiti cha nyuma. Sikumwambia apande. Alikaa, akampakata msichana, akakunja ushungi wake akautia kwenye jeraha na kuukandamiza kwa ngumi mbili.

Simu ya Shaha nilikuwa nimeitupa kwenye kiti cha mbele. Ilikuwa bado imeunganishwa.

"Nani yuko hapo?" Jazi alikuwa anapiga kelele. "Nani hapo? Jibuni, Mungu awalaani! Shaha!"

Mama akasema kwa sauti ya juu, bila kuinua kichwa. "Jazi mtoto wa Mutlak. Mimi ni mama yake Ubayd. Dada yako amepigwa risasi. Anapumua. Nyamaza nimsikie."

Alinyamaza. Nilikuwa nasikia pumzi yake tu, na winchi za bandari nyuma yake.

Njia ile naijua kwa mashimo yake. Mwaka jana kila shimo lilikuwa kaburi la mtandao. Jana nilipita yote na sauti haikukatika hata kidogo. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri.

"Anasemaje?" Jazi akauliza.

"Anasema kiatu chake kimebaki," Mama akasema.

"Kiatu gani?"

"Kitaletwa, mwanangu," Mama akamwambia msichana, si yeye. "Kitaletwa. Nitazame mimi. Usitazame juu."

"Mama Ghadhban," Jazi akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mimi nilimpiga Ubayd pajani. Nilidhani paja haliui. Wallahi nilidhani haliui."

"Nimekwambia nyamaza."

Kilomita kumi na mbili. Kumi na tano. Mama alikuwa anamhesabia Shaha pumzi kwa sauti, na Jazi kule Basra akahesabu naye, na mimi nikagundua midomo yangu inahesabu. Kwenye kilomita ya kumi na tisa Mama alisema mia nne na sita. Hakusema mia nne na saba.

Jazi akasema. "Mia nne na saba." Akangoja. "Mama Ghadhban? Mia nne na saba."

Kwenye kioo nilimwona Mama anamfumba msichana macho kwa mkono wenye damu mpaka kwenye kiwiko. Akanitazama. Uso ule ulinidai mtu mwaka mzima, na sasa ulikuwa umezeeka miaka kumi.

"Sina mdomo wa kumwambia," akanong'ona. "Sema wewe."

"Mbona mmenyamaza?" Jazi akasema. "Ni mtandao? Mnanisikia?"

Mbele yetu kulikuwa na korongo la mawe meusi, ambalo hakuna simu iliyowahi kufanya kazi ndani yake tangu minara ijengwe. Mwaka jana kila nilipopita humo simu ilikufa. Niliingia humo polepole, mpaka chini kabisa, nikasimamisha gari kati ya kuta mbili za mawe. Niliomba Mungu mtandao ukatike. Niliomba kwa moyo wote, kuliko nilivyoomba siku ya Ubayd. Nikatazama ruta. Mistari minne.

"Nakusikia," nikasema. "Amefariki."

Hakulia. Palikuwa na zile winchi tu, na mtu mmoja kule akimwita arudi kazini. Halafu akauliza jambo ambalo ningeuliza mimi.

"Nani kampiga?"

Nikamwambia: Ghadhban mtoto wa Sattam mtoto wa Ayid, kaka mkubwa wa Ubayd. Miaka thelathini na minane. Mrefu, nina kovu kwenye kidevu, na jino la pembeni la juu sina. Nitakuwa kituo cha polisi cha Rutba kuanzia usiku huu. Nilimrudilia mara mbili, polepole, na nikamwomba anisomee alivyosikia, ili asije akakosea mtu kama nilivyokosea mimi.